Dawa za Sunna na dhamana ya anayezitangaza



Wiki iliyopita niliahidi kwamba safu hii ingeendelea na maswali yenu ya mirathi. Naomba radhi, mirathi itasubiri hadi Ijumaa ijayo. Lipo jambo ambalo nimelichelewesha kwa miezi kadhaa, na kilichonichelewesha ni haya, kwa kuwa mimi mwenyewe ni sehemu ya kosa lake.

Katika msikiti wetu hapa Tanga, kazi ya kusoma matangazo baada ya swala ya Ijumaa ni yangu, nikiwa katibu wa kamati. Husoma taarifa za misiba na ndoa, michango ya kutengeneza bomba la kutawadhia, na viatu vilivyochukuliwa kwa bahati mbaya. Ijumaa moja alinijia kijana mwenye kanzu safi na maneno matamu, amebeba sanduku la chupa. Alieleza kuwa anauza dawa za Sunna: mchanganyiko wa habat sauda, asali, mafuta ya zeituni na mizizi ambayo hakuitaja, na kwamba chupa ya nusu lita ikinywewa kwa siku 21 humaliza kisukari na presha. Aliomba tangazo la dakika mbili. Nilimkubalia. Tena sikumpa kipaza sauti azungumze yeye, niliisoma mwenyewe karatasi yake, kwa sauti ileile ninayosomea taarifa za misiba, kisha nikaongeza neno langu kwamba tusiiache tiba ya Mtume wetu (s.a.w.) tukakimbilia ya watu wengine. Neno hilo halikuwamo katika karatasi yake.

Miongoni mwa walionunua alikuwamo mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza, ambaye ndiye aliyenisomesha Juzuu Amma nilipokuwa mtoto. Alikuwa na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi, naye akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni kwa utaratibu ambao sisi vijana hatuwezi hata katika kusoma nyiradi. Alinunua chupa mbili. Vidonge akavifunga katika mfuko na kuviweka juu ya kabati.

Wiki ya kwanza alijihisi mzima kuliko alivyojihisi kwa mwaka mzima, na jambo hili linahitaji kuelezwa, kwa sababu ndilo linalowateka wengi. Metformin, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, huwasumbua baadhi yao tumboni kwa kichefuchefu, gesi na kuharisha. Mtu akikiacha, tumbo hutulia. Sukari inayopanda ndani ya damu, hasa inapopanda polepole, inaweza kukaa siku nyingi bila kumpigia mtu kelele. Basi mgonjwa huhesabu utulivu wa tumbo kuwa ni kupona. Mzee wetu alimshukuru Allah, akawapigia simu ndugu zake wawili nao wakanunue.

Baadaye ilikuja kiu, kisha kuamka usiku mara nne na mara tano kwenda msalani. Mkewe alimwambia arudie vidonge. Alimjibu kwamba dawa inatoa sumu mwilini, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa na muuzaji alipompigia simu. Halafu siku moja alikanyaga msumari akiwa njiani kuja msikitini kwa Alfajiri, na hakuuhisi. Kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hupata ganzi, akajeruhiwa asijue, na damu yenye sukari nyingi hulifanya jeraha dogo lisipone. Harufu ndiyo iliyowajulisha watu wa nyumbani kwake. Hospitalini walikata vidole vitatu vya mguu wa kushoto, na tuliambiwa kuwa wiki moja zaidi ingekuwa ni mguu.

Nilikwenda kumzuru. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha kando ya kitanda, nami nikamwomba radhi. Nilianza kumlaumu yule kijana, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tena. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Katibu, mwanangu, mimi yule kijana sikumsikia. Nilikusikia wewe."

Maneno hayo hayajaniacha tangu siku ile.

Nimesoma chuo, na sisemi haya kwa kujifaharisha bali kwa kujihukumu. Hadithi ya habat sauda, aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.) na iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba punje hizo nyeusi zina shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti, naijua kwa isnadi yake. Na maelezo ya wanazuoni juu yake nayajua pia. Al-Khattabi alieleza kuwa tamko hilo ni la jumla ambalo limekusudiwa mahususi, yaani maradhi ambayo tabia ya punje hizo inayafaa, kwa sababu hakuna mmea mmoja uliokusanya ndani yake tabia zote za kukabili kila ugonjwa. Na Ibn Hajar aliyanukuu maelezo hayo katika sherehe yake ya Bukhari. Wapo wanazuoni waliolichukua tamko kwa ujumla wake, na hilo nalo lina heshima yake. Lakini hata hao hakuna aliyesema kwamba kila mwenye chupa iliyoandikwa jina la mmea huo anajua kiasi cha kumpa mgonjwa, kwa muda gani, na pamoja na nini. Hadithi imeutaja mmea, haikumtaja muuzaji.

Ipo hadithi nyingine ambayo sikumbuki kuisikia hata mara moja ikisomwa na wauza chupa. Wameipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah kwa njia ya Amr bin Shuayb, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Maana yake ni kwamba mwenye kujitia katika utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni dhamini, yaani anabeba dhima ya madhara yatakayompata mgonjwa. Ibn al-Qayyim, ambaye wauzaji wote hulitaja jina lake, ameijadili kwa urefu katika Zadul Maad, katika sehemu ileile ya tiba ya Mtume wanayoinukuu wanapouza. Anayefungua ukurasa wa habat sauda katika kitabu hicho asiurukie ukurasa wa dhamana.

Na tumtazame Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivyofanya. Katika upokezi wa Abu Dawud, Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume akaja kumzuru, akaweka mkono wake juu ya kifua chake, akamwambia kuwa ana maradhi ya moyo na amwendee al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa huyo ni mtu anayetibu. Pamoja na hayo zikatajwa tende saba za ajwa za Madina, zipondwe pamoja na kokwa zake. Tende zimo, na tabibu yumo, katika kauli moja. Wanazuoni wamehitilafiana hata kama huyo al-Harith alisilimu. Aliyetumwa kwake Saad alitajwa kwa kazi yake anayojulikana nayo, na wala hakuna kanzu iliyotajwa.

Kuna kisa ambacho wanahistoria wa utabibu wa Kiislamu wamekipokea, na ambacho laiti ningekikumbuka Ijumaa ile. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mtu mmoja alikufa mjini Baghdad kwa kosa la mtibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu yeyote ila baada ya kutahiniwa na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit, na muhtasibu akakabidhiwa kulisimamia hilo. Waliotahiniwa walizidi 860 katika mji mmoja! Miongoni mwao alikuja mzee mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan akamheshimu, akidhani ni mwanachuoni mkubwa. Walipobaki wawili, mzee alitoa dinari, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika vizuri, na kwamba ana watu wa kuwalisha, akaomba asikatiwe riziki. Sinan alicheka, akamruhusu kwa sharti kwamba asimshambulie mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiagize kutoa damu au dawa kali ya kuharisha ila katika maradhi mepesi. Mzee akajibu kuwa huo ndio mwenendo wake maisha yote, hakuvuka sharubati ya siki na asali na ile ya maji ya waridi. Siku ya pili akaja kijana mtanashati. Akaulizwa amesoma kwa nani, akasema kwa baba yangu. Baba yake ni nani? Ni yule mzee wa jana.

Mimi kisa hiki hunichekesha, lakini nakiona ni cha hukumu nzito. Riziki ya yule mzee haikukatwa, wala sharubati zake hazikutukanwa, aliwekewa mpaka. Hilo ndilo lililokosekana katika msikiti wetu.

Sasa nije kwenye chupa yenyewe. Habat sauda si chakula tu. Utafiti uliofanyiwa watu umeonyesha kuwa inaweza kushusha sukari na shinikizo la damu kwa kiasi fulani. Hii ni habari njema, na papo hapo ni sababu ya kutahadhari: kitu chenye nguvu ya kushusha kikiongezwa kimyakimya juu ya vidonge vinavyoshusha, sukari inaweza kuanguka mno, mtu akatetemeka, akatoka jasho na kupoteza fahamu. Kikiwekwa badala ya vidonge, nguvu yake haitoshi. Katika hali zote mbili daktari anatakiwa ajue. Ama asali, Qur'ani katika Surat an-Nahl, aya ya 69, imetufahamisha kuwa katika kinywaji kinachotoka matumboni mwa nyuki mna shifaa kwa watu, na Muislamu halitilii shaka hilo. Lakini mzee wetu alikuwa akinywa vijiko vitatu vya mchanganyiko wenye asali, mara tatu kwa siku, na asali ni sukari. Aliyechanganya ile dawa ya kisukari alimnywesha mgonjwa sukari kwa siku 21, kwa jina la Sunna.

Kwa kuwa ukurasa huu husomwa na akina mama, nitaongeza yale ambayo yananitia hofu zaidi majumbani kwetu. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kidogo, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda na vikamletea ugonjwa wa kulegea mwili na kushindwa kupumua. Tahniki inafanyika kwa tende iliyolainishwa, na hilo ndilo lililothibiti. Mafuta ya mwarobaini yasinyweshwe mtoto; yamewahi kuwasababishia watoto wachanga degedege na madhara ya ini. Utomvu mchungu wa mshubiri huharisha kwa nguvu, na mjamzito aukae mbali. Kitunguu saumu kwa wingi, kwa mtu anayemeza dawa ya kuifanya damu isigande, huongeza hatari ya kutoka damu. Na wembe wa hijama ni wa mtu mmoja kwa mara moja, haupikwi wala hausafishwi ukarudiwa, kwani homa ya ini haiulizi kama ilikuwa tarehe 17 au 19 ya mwezi mwandamo.

Yapo mengine ambayo nayasema kwa furaha. Uji mwepesi wa shayiri, talbina, ambao Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza wapikiwe wagonjwa na wafiwa, umepotea katika matanga yetu na mahali pake pamechukuliwa na soda. Hadithi ya al-Miqdam inayogawa tumbo kuwa theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi tunaisoma kila Ramadhani kisha tunafuturu kana kwamba iliteremka kwa watu wengine. Tiba hii haina chupa, ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Msinifahamu kuwa nawadharau wenye dawa za miti. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati asili yake ni mmea wa pakanga, na mwanasayansi wa Uchina, Tu Youyou, aliyeichimbua kwa kurejea vitabu vya kale vya tiba ya kwao, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Na hapa hapa Tanga, katika miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijaenea, shirika la Tanga AIDS Working Group liliwakutanisha waganga wa tiba asili na watumishi wa Hospitali ya Bombo. Waganga walitoa dawa zao za miti kwa magonjwa nyemelezi, wagonjwa wakafuatiliwa, na hakuna upande uliomwambia mgonjwa aukimbie upande wa pili. Hiyo ni tofauti kubwa na mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na baadhi yao wakaacha vidonge vyao. Neno "acha vidonge" ndilo linaloua, awe amelisema mchungaji, mganga au ustadhi.

Hata hivyo, nisingetenda haki kama ningeishia hapo. Nilimuuliza mzee kwa nini alimwamini muuzaji haraka hivyo. Akasema yule kijana aliketi naye barazani nusu saa, akamuuliza analalaje, miguu inamuumaje, anakula nini. Kliniki hufika alfajiri, hukaa kwenye benchi hadi adhuhuri, akapewa dakika mbili na karipio kwa sababu ya wali. Nililijadili hilo na muuguzi mstaafu wa jamaa yetu, naye hakulikataa. Alisema tu kuwa nusu saa ya yule kijana ilikuwa na bei, na mzee ameilipa kwa vidole. Lakini akaongeza swali lililotufunga vinywa kamatini: sisi majirani zake tunaoswali naye mara tano kwa siku, ni nani aliyewahi kumuuliza miguu inamuumaje?

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu na hakikuwa kizuri. Mjumbe mmoja, mtu ninayemheshimu, alisema tukizuia matangazo ya dawa za Sunna tutakuwa tumeipiga vita Sunna ndani ya nyumba ya Allah. Nilimsomea hadithi ya dhamana. Akasema hiyo ni juu ya anayetibu, si juu ya anayetangaza. Nikamwambia kwamba kifiqhi huenda akawa sahihi, na mimi si mufti. Lakini mzee hakununua kwa yule kijana, alinunua kwa sauti yangu, na sauti yangu haikuwa na uzito wowote pale ila kwa sababu ilitoka penye mimbari. Hatukuafikiana. Mjumbe yule hajahudhuria vikao viwili vilivyofuata, na bado namsubiri.

Tuliyokubaliana walio wengi ni haya. Kipaza sauti cha msikiti hakitatangaza dawa yoyote, iwe ya chupa, ya vidonge au ya mafuta. Anayeuza tende, miswaki, asali na habat sauda nje ya geti aendelee, Allah ambariki katika biashara yake, ila asidai kuponya kisukari, presha au saratani, wala asimwambie mtu aache dawa ya hospitali. Anayedai kutibu aonyeshe cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Asiye nacho tutamwomba kwa upole aondoke. Na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, muuguzi wetu huketi ukumbini baada ya swala na kipimo chake cha presha na cha sukari. Huwaambia watu walete kila wanachokunywa nyumbani, hata majani yaliyofungwa katika gazeti, naye huandika jina lake katika kadi ya kliniki ili daktari alione. Mwezi wa kwanza walikuja watu 9. Mwezi uliopita walikuja 41, na wengi wao walitaka kuzungumza kuliko kupimwa.

Kabla ya hayo yote kuanza, nilisimama Ijumaa moja na kulifuta tangazo langu kwa kipaza sauti kilekile. Nilisema kuwa lilikuwa kosa langu, si la msikiti, na kwamba yeyote mwenye chupa ile akaonane na daktari kabla ya siku kupita. Wanne walikuja kwangu jioni ile, na mmoja alikuwa amekwisha acha vidonge kwa siku kumi.

Mzee amerudi msikitini, alhamdulillah. Huswali akiwa juu ya kiti, mwisho wa safu ya kwanza, na amerudia vidonge vyake. Juzi alinionyesha kifuko kidogo cha habat sauda ndani ya koti lake, anachonyunyizia kidogo katika chakula, kisha akatoa kadi ya kliniki na kuniwekea kidole mahali daktari alipoandika. Alitaka nimsomee herufi kwa herufi, ahakikishe hakuna neno nililoongeza.

Maswali ya mirathi, inshaallah, Ijumaa ijayo. Aliyeandika kuhusu nyumba ya marehemu yenye wapangaji atupe pia idadi ya warithi, maana hakuitaja.